Hilo bao lako linaingiza shilingi ngapi?

Swali niliulizwa harusini, mbele ya sinia la pilau. Mjomba wangu alikuwa amesikia kwa watu kwamba nimetengeneza gemu la bao la kuchezwa kwenye simu. Akasukuma kipande cha nyama upande wangu, akasema, "Mjomba, nasikia nyie watu wa kompyuta mna hela ndefu. Hebu tuambie, hilo bao lako linaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?" Sinia zima likanyamaza. Hata kijana aliyekuwa anawinda zabibu aliacha mkono hewani.

"Hela ya bando," nikasema.

Wakacheka. Walidhani naficha, maana mwenye nacho ndivyo anavyosema. Sikuwa naficha kitu. Mwezi ule bao lilikuwa limeingiza dola 7 na senti 40, na hizo zenyewe sikuweza kuzigusa, kwa sababu kampuni inayoweka matangazo kwenye gemu hailipi mpaka zifike dola 100.

Simlaumu mjomba. Habari zinazosafiri ni za waliopata. Mwaka 2013 kijana wa Hanoi, Dong Nguyen, alitoa gemu la ndege anayejipenyeza katikati ya mabomba, Flappy Bird. Lilikaa miezi kadhaa bila mtu kulitazama, kisha mwanzoni mwa 2014 likapanda mpaka kileleni kwenye maduka ya programu, na yeye mwenyewe akawaambia waandishi wa habari kwamba matangazo yanamwingizia kama dola 50,000 kwa siku. Kwa siku! Kwa thamani ya wakati ule ni karibu shilingi milioni 80 za Tanzania kati ya alfajiri moja na nyingine. Februari hiyohiyo akaliondoa kabisa, akalalamika kwamba limemharibia maisha yake ya utulivu. Watu wa kwetu wakisikia sehemu hiyo wanashika kichwa.

Kuna kipande cha habari yake ambacho watu hukipita mbio. Alikuwa anakaa kwa wazazi wake, na mchana alikuwa na kazi ya kuandika programu za vifaa vya kwenye teksi. Chakula kilikuwapo mezani, ndege awe ameruka au hajaruka.

Mwingine ni Eric Barone wa Seattle, Marekani. Alitumia miaka minne na nusu kutengeneza gemu la kilimo, Stardew Valley, peke yake: picha yeye, muziki yeye, maneno ya kila mwanakijiji yeye. Lilitoka Februari 2016 kwa bei ya karibu dola 15, likauza nakala milioni moja ndani ya miezi miwili hivi, na kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimepita milioni 40. Hata ukitoa asilimia 30 ya duka, ukatoa na zile zilizouzwa kwa punguzo, hesabu inakataa kukaa kichwani. Lakini katika ile miaka minne na nusu alikuwa na kibarua cha kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, na mchumba wake ndiye aliyekuwa akibeba matumizi ya nyumba.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia gemu fulani limeingiza kiasi fulani, mimi nauliza kwanza: nani alikuwa anapika?

Kwangu alipika dada.

Nilirudi Tanga mwaka 2018, baada ya mkataba wangu wa Dar kwisha bila kuongezwa. Dada yangu ni fundi cherehani, ana chumba cha kazi mbele ya nyumba, Ngamiani. Akanipa chumba cha nyuma. Tulikubaliana nikae miezi mitatu mpaka nipate kazi, nikakaa zaidi ya miaka miwili. Mchana natafuta kazi, usiku naandika bao. Cherehani yake na kompyuta yangu vilikuwa vinakula umeme wa LUKU mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akinunua. Siku moja uniti ziliisha akiwa katikati ya sare za shule za watu. Alikuja mlangoni, akatazama skrini imejaa mistari ya maandishi kwenye betri iliyobaki, akasema, "Haya, wewe una mwanga." Akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nilidhani bao litanichukua mwezi. Nimekulia barazani, nini kitanishinda? Mashimo 32, kete 64, basi. Kumbe ukitaka kumweleza kompyuta mchezo unaoucheza kwa mkono tu, ndipo unagundua kwamba hujawahi kuujua. Kuna namua, kete zinapoingizwa moja moja, na kuna mtaji, zikishaingia zote. Kuna nyumba, shimo moja lenye sheria zake peke yake. Kuna kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu, na ukila ukiwa huko kuna upande wa kuanzia. Kula ni lazima: ukiwa na kete ya kula huruhusiwi kutakata, yaani kuzungusha kete zako upande wako tu bila kula za mwenzako. Sheria hiyo niliiandika mara tatu, na mara tatu nikaikosea.

Jaribio la kwanza nilimpelekea mzee mmoja wa barazani kwetu, bingwa ambaye hatumii miwani ila anapohesabu kete. Akaishika simu kama anashika yai. Akacheza dakika tano, kimya, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hii simu yako inaiba. Imetakata na ina kete ya kula pale." Nikaangalia. Kweli. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja, nilikuwa nimehesabu mashimo kuanzia sifuri sehemu moja na kuanzia moja sehemu nyingine. Nilitumia siku nne kulitafuta. Siku nne hizo hazipo kwenye dashibodi yoyote ya mapato.

Bao likaingia Play Store Machi 2019. Kiingilio ni dola 25, unalipa mara moja tu maishani. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na ndiyo sababu mpaka leo wenye iPhone hawana bao langu. Wanaoniuliza nawaambia linakuja. Mwanzoni maduka yote mawili yalikuwa yanakata asilimia 30 ya kila unachouza. Tangu 2021 wakashusha mpaka 15 kwa wale wasiofikisha dola milioni moja kwa mwaka. Niliposoma habari hiyo nilifurahi sana kujikuta kundi moja na watu wa dola laki tisa.

Kuna wakati nilitamani kuzaliwa mapema. Duka la Apple lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu kama 500 tu. Ni sawa na kuwahi gulio mkiwa wauzaji watano: hata ukiuza maji ya chumvi utapata mnunuzi. Mmarekani Steve Demeter aliweka gemu lake la mafumbo, Trism, kwa dola 5, akapata dola 250,000 ndani ya miezi miwili. Mjerumani mmoja, Armin Heinrich, aliuza programu iliyokuwa na picha ya kito chekundu tu, haifanyi kitu kingine, kazi yake ni kuonyesha kwamba wewe ni tajiri. Bei dola 999 na senti 99. Wakanunua watu wanane kabla Apple hawajaifuta siku ya pili yake. Wanane! Huwa nikikwama kwenye kodi ya nyumba nawakumbuka wale wanane.

Sasa gulio limejaa. Steam, duka kubwa la magemu ya kompyuta, mwaka 2024 peke yake liliingiza magemu mapya zaidi ya 18,000, yaani kama 50 kila kunapokucha, na Jumapili imo. Wanaopenya bado wapo. Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, alitumia kama pauni 1,100 kununua picha na sauti za Vampire Survivors, akaanza kuliuza kwa dola 3 mwishoni mwa 2021, na mwaka 2023 likachukua tuzo ya BAFTA ya gemu bora, mbele ya makampuni yenye mamia ya wafanyakazi. Ila kwa kila mmoja wa namna hiyo kuna maelfu ambao magemu yao hayakurudisha hata ile dola 100 ambayo Steam wanatoza kuweka gemu moja. Dola 100 hiyo hurudishwa gemu likifikisha mauzo ya dola 1,000, nayo kuifikia 1,000 si jambo la mchezo.

Halafu kuna kodi, ambayo hakuna anayekutajia kwenye zile video za "tajirika kwa programu". Rafiki yangu wa Mombasa anauza gemu huko Steam. Mnunuzi wa Marekani akitoa dola 10, duka linachukua 3. Zinabaki 7. Hapo inakuja kodi ya zuio ya Marekani, asilimia 30 ya zile 7, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na sisi Tanzania vilevile hatuna. Zinaondoka dola 2 na senti 10. Anabaki na dola 4 na senti 90, na benki yake bado haijafungua mdomo. Mwenzake wa nchi yenye mkataba anajaza fomu ya kodi kama yake na kukatwa kidogo au asikatwe kabisa.

Mimi sikuuza bao, niliweka matangazo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kinachoamua mapato yako ni mchezaji anakaa nchi gani, kuliko idadi ya wachezaji. Wachezaji wangu wengi wako Tanzania, kisha Kenya, Komoro na Malawi, ambako nako bao linachezwa sana. Matangazo elfu moja yakionekana Tanzania yalikuwa yananipa senti 20 hivi za dola. Yakionekana Oman, dola moja na kitu. Marekani, dola 5 mpaka 6. Anayetangaza anamnunua mnunuzi, na anajua nani ana pesa mfukoni. Kwa hiyo Mzanzibari mmoja aliyehamia Muscat, akicheza michezo miwili usiku baada ya isha, alikuwa ananifaa kuliko baraza zima la Ngamiani. Baraza hilo ndilo lililonisahihishia sheria.

Niliweka pia njia ya kuondoa matangazo kwa shilingi 2,500, bei ya soda mbili hivi na mabaki. Katika miaka mitano wamenunua watu 21, wengi wao wa nje. Mtu wa hapa hakatai kutoa 2,500. Ila hana kadi ya benki ya kulipia, na akiwa nayo haiamini intaneti, na tangazo lenyewe linapita baada ya sekunde tano, kwa nini alipe? Hata mimi nisingelipa.

Malipo ya kwanza yalifika baada ya miezi 13: dola 103 na senti 40. Benki ikakata ada ya kupokea fedha za kigeni, ikabadilisha kwa bei yake, nikatoka na shilingi 203,000 na chenji. Nikanunua LUKU ya 50,000 na gunia la mkaa, nikaviweka mbele ya chumba cha cherehani bila kusema kitu. Dada akauliza, "Bao?" Nikasema, "Bao." Akaendelea kukata kitambaa, lakini jioni ile kulikuwa na samaki wa nazi.

Furaha haikudumu. Wapwa zangu wawili, mmoja tisa na mwingine kumi na mbili, walisikia kwamba mjomba analipwa watu wakibofya matangazo. Wakakaa na simu ya mama yao likizo nzima wakinisaidia. Walikuwa wanapokezana zamu, mmoja anabofya, mwingine anahesabu kwenye daftari. Walifika mia nne na kitu. Nikapokea barua pepe ya mistari mitatu kwamba akaunti ina mibofyo isiyo halali, imesimamishwa siku 30, na dola 31 zilizokuwa zimekusanyika zimerudishwa kwa watangazaji. Niliandika kueleza kwamba ni watoto. Jibu lilikuja ndani ya dakika moja, ni dhahiri hakuna binadamu aliyelisoma. Lile daftari ninalo mpaka leo. Mdogo alikuwa ameandika juu yake, kwa herufi kubwa, HELA YA MJOMBA.

Sasa hesabu ambayo mjomba wa harusini angetaka kuisikia. Nilikuwa naandika muda wangu kwenye kalenda, tabia niliyoipata kazini. Mpaka Machi 2024, miaka mitano kamili, bao lilikuwa limepakuliwa mara 14,000 na kitu, limenila saa 1,600 hivi, na limeingiza dola 438, ukichanganya matangazo na wale 21. Gawanya. Ni senti 27 za dola kwa saa, shilingi mia sita na ushee. Msichana anayemsaidia dada kushona vifungo analipwa zaidi ya hapo, na akimaliza anaenda kulala.

Lakini nisidanganye kwa upande huo nao. Mwishoni mwa 2020 mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari, mtu wa Dar, alikuwa Tanga kwa mazishi. Barazani akaona wazee wanacheza bao kwenye simu, akauliza nani kalitengeneza. Wakamleta mpaka kwenye cherehani. Hakuwa na haja na bao. Alitaka programu ya kujua vipuri gani vimebaki stoo na nani anadaiwa, itumike bila intaneti, na iwe ya Kiswahili ili vijana wake wasisingizie lugha. Kazi ya wiki tatu. Alinilipa shilingi milioni moja na nusu, nusu mkononi, nusu alipoiona inafanya kazi. Wiki tatu zile zilizidi miaka mitano ya bao. Baada yake akaja mwenye duka la dawa, kisha watu wa chama cha kuweka na kukopa, na mwaka uliofuata nikahama kwa dada, nikapanga vyumba viwili barabara ya pili yake.

Bao likawa kibao. Hela inaingia kwa mlango wa dukani, lakini wote waliokuja walisoma kibao kwanza. Ninawajua wengine kama sita wanaojiita watengenezaji huru, hapa na Dar na Mombasa, na ukiwakalisha chini na kahawa kila mmoja atakwambia jambo lilelile: ana programu yake anayoipenda, inayomwingizia hela ya vocha, na ana wateja asiowapenda sana, wanaolipa ada ya shule ya watoto. Mmoja tu ndiye anaishi kwa programu yake mwenyewe, na hiyo ni ya mitihani ya darasa la saba, inauza mwezi mmoja kwa mwaka na miezi kumi na moja yeye anasubiri kama mkulima.

Mjomba alinipigia wiki iliyopita. Ana mjukuu kamaliza kidato cha nne, anataka kusomea mambo ya kompyuta, atengeneze magemu. "Mwambie ukweli," akasema, "kuna hela au hakuna?" Nikamwambia amlete akae kwangu likizo, chakula kipo. Akanyamaza kidogo, nadhani alitegemea nitaje tarakimu.

Na bao lenyewe bado lipo. Juzi saa nne usiku nilifungua dashibodi: leo, senti 19. Chini yake kulikuwa na maoni mapya, kutoka Oman, nyota nne. Nikajua ni yule wa baada ya isha. Ameandika: "Mchezo mzuri, ahsante. Lakini kompyuta yako kila ikifika nyumbani inasafiri tu, hailali hata siku moja. Mchezaji gani huyo?"

Ana haki. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako baada ya kula, una hiari: unaweza kusafiri, ukazimwaga zote na kuendelea, au ukalala, ukaiacha nyumba imejaa. Mchezaji mzuri anajua wakati wa kulala. Mimi nilimpa hiari hiyo binadamu, kompyuta nikaisahau. Hilo si kosa la mstari mmoja. Inabidi kuifundisha kutazama mbele, kuhesabu atakachofanya mwenzake, na kwenye simu za bei nafuu hesabu hiyo itakuwa nzito. Wiki mbili, labda tatu. Mwenye duka la dawa naye anasubiri ripoti zake tangu Jumatatu.

Nilikuwa kwa dada usiku huo, umeme wa kwangu ulikuwa umekatika. Nikaweka kompyuta palepale pa zamani, chumba cha nyuma. Saa nane hivi akagonga ukuta.

"Hujalala tu?"

"Nakaribia."

"Ni ya mteja, au bao?"

Sikujibu. Nikamsikia anacheka upande wa pili, kisha akazima taa yake.